Springi Iliyotolewa Ushuhuda Kanisani

Wiki ya pili baada ya mimi kustaafu, Shukuru, mmoja wa vijana niliowaacha karakana, alinipigia simu kutoka huko. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Nyuma ya sauti yake nilisikia kompresa ikinguruma na mwenzake Hamza akiimba vibaya, nikajua kazi inaendelea bila mimi.

"Shikamoo, Mzee. Kuna pikapu hapa inagonga nyuma."

"Marahaba. Inagonga wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ni kubwa, Shukuru."

"Mwenyewe anasema tumbadilishie shokabsoba. Ameona kwenye video."

"Huyo wa kwenye video amelisikia gari?"

"Hapana."

"Na wewe umelisikia?"

"Bado."

"Basi mko sawasawa, wewe na yeye."

Nikamwambia aondoe kila kitu kilichopakiwa, kisha aende barabarani na mwenye gari, redio ikiwa imezimwa. Baada ya saa moja akanitumia picha: gurudumu la akiba lililolegea chini ya gari, na mahali lilipokuwa likigonga chesi, yaani fremu ya gari, pamesuguliwa mpaka pakang'aa. Chini ya picha aliandika: "Tuandikie, Mzee. Usituache hivihivi."

Basi ninaandika, ila polepole. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, hivyo ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha karakana: kinatosha kutaja bolti, hakitoshi kueleza aibu. Shukuru atawasomea wengine. Kuhusu vyeo sina la kusema, maana nilikuwa nacho kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, fundi. Nitaeleza sauti za nyuma ya pikapu kama nilivyofundishwa, na kosa langu moja, ambalo mnalipiga teke kila asubuhi mkifungua mlango bila kujua.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, Nakuru, kwa fundi wa springi aliyeitwa Otieno. Nilikuwa mtu wa haya. Mteja akiniuliza jina, nilitazama viatu vyangu kana kwamba limeandikwa huko. Otieno hakunicheka. Aliona kwamba mtu asiyesema ana masikio yasiyo na shughuli, akayapa kazi. Pikapu ya kubeba kabichi ikija inalia, alinilaza nyuma kwenye bodi, sikio kwenye sakafu ya bati, akaiendesha kwenye barabara mbovu. Sauti ikitoka kushoto nilipiga bati mara moja, ikitoka kulia mara mbili. Nilirudi na vumbi hadi kwenye meno, lakini ndani ya miezi michache niliweza kutofautisha bushi iliyokwisha, ile mipira ya kwenye maungio, na nati iliyolegea kama mtu anavyotofautisha sauti ya shangazi na ya mama.

Jambo jingine alilonifundisha Otieno ni mafuta machafu. Springi ya pikapu, kwa asiyeijua, ni majani marefu ya chuma yaliyolaliana, refu juu na fupi chini, na majani hayo yakisuguana yakiwa makavu hulia. Kwetu fundi huchukua oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, akachovya brashi, akaipaka springi yote mpaka idondoke. Kelele hukoma papo hapo. "Springi ikilia, inyweshe," Otieno alisema. Nilizinywesha nyingi sana, na hakuna iliyorudi kunilaumu, labda kwa sababu wenye magari hawakurudi pia.

Miaka ikapita. Mke wangu Wairimu alitangulia kuja hapa Birmingham, Uingereza, akaajiriwa uuguzi katika hospitali kubwa upande wa Harborne. Mimi na binti yetu Shiro tukamfuata. Nilipata kazi Sparkbrook, kwenye karakana ileile mliyomo sasa, kwenye uchochoro nyuma ya Stratford Road. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kipakistani, Rafiq, ambaye kila mtu alimwita Chacha, yaani baba mdogo katika lugha yao. Alizungumza Kiingereza cha hapa mjini, cha kuvuta maneno kama mtu aliyetoka kulala, nami siku za mwanzo niliambulia nusu.

Siku ya kwanza alinisimamisha chini ya pikapu iliyoinuliwa, akaniuliza ninaona nini. Nikanyoosha kidole nikagusa: bushi hii imekwisha, hii nzima, nati hii imefungwa na mtu mvivu. Chacha alifuata kidole changu kimyakimya. Kisha akafungua droo akanipa mpini wa nyundo usio na nyundo. Unaweka ncha moja kwenye chesi, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, na mwenzako anatikisa gari. Sauti inapanda kwenye mti kama kwenye simu. Mpini huo ungali kwenye droo ya pili, Hamza. Usiufungie nyundo.

Chacha alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata kwa mtu mwenye haraka. Kwanza gari liwe tupu. Ondoa vifaa, angalia gurudumu la akiba, mlango wa nyuma, ndoano ya kuvutia trela, jeki chini ya kiti. Springi mbovu nyingi nilizoletewa katika maisha yangu zilikuwa jeki. Halafu mwenye gari aendeshe mwenyewe na fundi akae pembeni, mdomo umefungwa. Hapo nilikuwa bingwa bila kujitahidi.

Ukiwa pembeni, jiulize sauti inakuja lini. Ikigonga mara moja gari linapoondoka au linapofunga breki, anza na yu-bolti, zile zinazoifunga ekseli, mhimili wa magurudumu, kwenye springi. Ikigonga harakaharaka kwenye vishimo vidogo, gari likiwa tupu, shika bushi za shokabsoba. Ikilia polepole kama kitanda cha zamani wakati wa kupanda tuta, ni bushi za springi au ncha za majani yake. Ikiwa ni mngurumo unaoongezeka kwa mwendo, hiyo si springi, ni beringi au tairi, na usimuuzie mtu springi kwa kosa la tairi.

Vitu viwili vingine vya Chacha mnavijua. Cha kwanza ni chaki: chora mstari ubavuni mwa majani yote, nenda barabarani, rudi, mstari ukikatika, kuna jani linalotembea. Cha pili ni chupa ya maji ya sabuni. Pulizia bushi moja, tikisa gari, sikiliza. Ikinyamaza, umeipata, isiponyamaza, nenda kwenye nyingine. Nilimuuliza kwa nini asitumie mafuta, yanayokaa. Akasema ndiyo maana. Maji hukauka na sauti ikarudi, kwa hiyo hayawezi kumdanganya mtu zaidi ya nusu saa. Niliitikia kwa kichwa kwa heshima, na sikuelewa.

Katika kiangazi cha kwanza alikuja bwana mmoja kutoka Sutton Coldfield na pikapu safi ambayo haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko miche ya maua. Ilikuwa ikigonga nyuma, tok, tok, na karakana tatu zilikuwa zimeshambadilishia kila kilichofunguka. Bwana huyo aliongea kuanzia alipowasha injini mpaka alipoizima, nami nilikuwa na haya ya kumwambia anyamaze. Nilipanda naye mara mbili. Siku ya kwanza hakukuwa na sauti yoyote, siku ya pili iligonga njia nzima.

Nilirudi kwa Chacha. "Ni mbwa," nikasema.

"Mbwa gani?"

"Mbwa akiwepo, haigongi."

Chacha alinitazama kama anayefikiria kunirudisha nyumbani nikalale. Lakini mbwa wa bwana yule alikuwa mkubwa, na alipokuja aliegemea kiti cha nyuma kwa uzito wake wote. Tulifungua kiti. Kufuli ya kukishikilia ilikuwa imelika, na mgongo wa kiti ulikuwa ukigonga bodi kila mbwa alipobaki nyumbani. Kipande cha mpira kikamaliza kazi. Bwana yule alitaka kunikumbatia, nikajificha nyuma ya kabati la spana.

"Huyu hasemi," Chacha alimwambia, "lakini anasikia."

Wiki ile nilitembea Stratford Road kama mtu aliyeijenga. Nawaambia haya ili mjue nilikuwa katika hali gani majira ya baridi yalipofika na Baba Neema akaja.

Baba Neema alikuwa Mkongo wa Bukavu, tuliyesali naye kanisa moja. Alitengeneza bustani za watu na kutandaza vigae vya mawe, na Jumapili pikapu yake ilibeba spika na ngoma za kwaya. Chacha alikuwa amesafiri kwao kwa wiki tatu na kuniachia funguo. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Fundi, jambo!" Baba Neema aliita kabla hajashuka. "Hii pikapu inalia mpaka batu ba Ladypool Road banageuka. Juzi mama moja alinipisha, alizania ni mutoto ananililia ndani."

Nilibonyeza pembe ya nyuma kushoto. Kwi, kwi. Nikabonyeza tena. Kwi, kwi, na baada yake kitu kidogo sana: tik. Nilikisikia. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba sikukisikia. Lakini magari mengine mawili yalikuwa yakingoja, Baba Neema alikuwa akinisifu kwa kila mtu aliyepita uchochoroni, na chini ya meza kulikuwa na ndoo ya oili chafu. Nikachovya brashi, nikainywesha springi kama Nakuru. Tulibonyeza gari pamoja. Kimya.

"Eee! Imepona!" Baba Neema akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama mbele ya kanisa zima. "Bwana asifiwe! Gari yangu ilikuwa inalia miezi miwili. Mungu alinitumia huyu fundi Mukenya, akaiguza mara moja tu, ikanyamaza. Kabisa!" Kanisa likaitikia Amina. Nilitazama viatu vyangu kama zamani, ila safari hii nilikuwa nikitabasamu.

Chacha alirudi siku ya Alhamisi. Hakuwa hata amevua koti alipoliona doa jeusi sakafuni.

"Haya mafuta ni ya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa majivuno, na jinsi mteja alivyofurahi.

"Ugonjwa ulikuwa nini?" akauliza.

"Ilikuwa ikilia. Sasa hailii."

"Nimekuuliza ugonjwa."

Nikachukua kitambaa nikaanza kulifuta doa.

"Kabla ya mafuta ulisikia nini?"

"Kwi, kwi. Na nyuma yake kitu kidogo. Tik."

"Hiyo tik ilitoka wapi?"

"Sijui, Chacha. Baada ya mafuta sikuisikia tena."

Chacha akaketi juu ya tairi. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alinieleza kwamba majira ya baridi hapa barabara humwagiwa chumvi ili zisigande. Chumvi na tope vikishikwa na mafuta hukaa kwenye chuma kama plasta, na chini ya plasta hiyo chuma huliwa bila mtu kuona. Kelele ya majani kusuguana haiui mtu. Lakini tik ndogo inayokuja uzito unapoingia huenda ni jani lililopasuka. Jani la juu likikatika gari likiwa na mzigo na mwendo, ekseli inasogea upande mmoja, na gari haliendi tena unakolielekeza.

"Gari lilikuletea shahidi," alisema, "ukamziba mdomo. Mpigie mwenyewe. Leo."

Nilienda nyumbani nikaizunguka simu kama mtu anayezunguka mbwa mkali. Shiro alikuwa akifanya kazi zake za shule mezani. Wairimu alikuwa ametoka zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Baba Shiro, wewe unalala chini ya gari la tani mbili huogopi, unaogopa simu?"

"Alitoa ushuhuda, Wairimu. Mbele ya kanisa zima. Nitamwambia nini?"

"Sisi wodini tukimpa mgonjwa dawa isiyo yake, tunasema siku hiyohiyo. Hatungoji mpaka apende kuambiwa. Piga."

Nikapiga.

"Fundi!" Baba Neema akajibu. "Jana tulikuombea."

"Baba Neema, naomba urudishe gari."

"Juu ya nini? Haina kelele."

"Ndiyo shida."

"Iko na kelele, shida. Haiko na kelele, shida. Weye unataka nini?"

"Nilipaka mafuta bila kujua ugonjwa. Huenda springi imepasuka."

"Mie nilisimama mbele ya batu ba Mungu nikashuhudia. Sasa nikaseme Mungu alikosea, ao ni weye?"

"Ni mimi."

"Fundi, Posho hii tunaenda ku ndoa ya mutoto wa dada yangu, Manchester. Nitakuja Jumatatu." Akakata.

Posho kwao ni Jumamosi. Jumamosi hiyo gari lingepanda barabara kuu, lori mbele na lori nyuma, sufuria za harusi nyuma na watoto wanne ndani. Ijumaa sikufanya kazi ya maana. Nilifunga nati moja mara tatu. Chacha aliniona, akaninong'oneza tu kwamba Manchester ni mbali.

Jumamosi asubuhi nilivaa ovaroli, nikachukua ndoo, brashi, chupa ya maji ya sabuni, mafuta ya taa na tochi, nikatembea Ladypool Road nzima hivyo. Watu wa maduka ya peremende na ya sari walinitazama. Kwa mara ya kwanza sikutazama viatu vyangu, nilikuwa naogopa kuchelewa.

Niliwakuta mtaani mbele ya nyumba yao. Pikapu imejaa: sufuria zilizofungwa kwa mablanketi, viti vya plastiki, madumu ya juisi. Watoto walikuwa wameshaketi ndani, mikanda imefungwa. Mama Neema alikuwa amevaa kitenge cha harusi na viatu virefu. Baba Neema alikuwa na suti inayong'aa kama samaki.

"Fundi, unakuja ku ndoa na ovaroli?"

"Sikuja kwa ndoa, Baba Neema. Nipe dakika ishirini. Nisipoona kitu, nitabeba sufuria moja kichwani mpaka Manchester."

Jirani mmoja akacheka. Baba Neema hakucheka, lakini alizima injini.

Nililala kwenye lami. Nilisugua mafuta yangu mwenyewe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa kitambaa, na tope la chumvi likatoka vipandevipande kama ukoko wa wali. Nikamulika jani la juu kuanzia mbele hadi nyuma. Hakuna kitu. Nikamulika tena. Dakika kumi zilikuwa zimepita. Viatu vya Baba Neema vilisimama karibu na kichwa changu, vyenye ncha kali.

"Iko muzuri, ao?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Kisha nikakumbuka kwamba tik ilikuja wakati uzito ulipoingia.

"Naomba mtu apande kwenye bampa ya nyuma, ashuke, apande."

Kisha nikamsikia Mama Neema: "Na wote munaniangalia mie?"

"Mama, ni weye uko na nguvu," Baba Neema akasema kwa sauti ya mtu anayejua amekosea.

"Nguvu! Sema neno lenyewe, tutaongea ku nyumba." Akavua viatu, akakunja kitenge, akapanda.

Tik.

"Shuka, mama. Panda tena."

Tik. Kwenye jani la juu, kiganja kimoja mbele ya yu-bolti, mstari mwembamba kama unywele ulifunguka, ukatoa tone la oili nyeusi. Mama Neema aliposhuka, mstari ukajifunga na tone likanyonywa ndani.

"Baba Neema, njoo uone."

Alitandaza gazeti ili asichafue suti, akapiga magoti, akainamisha kichwa karibu na changu. "Panda, mama," akasema. Tulitazama pamoja. Mstari ukafunguka, ukajifunga.

"Inapumua," akasema polepole.

Alibaki kwenye magoti muda mrefu. Neema, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miaka sita. Alichungulia dirishani akauliza kwa Kiingereza kama gari linaumwa.

"Eee, mutoto wangu," akamjibu. "Iko mugonjwa. Mushuke wote."

Sufuria ziligawanywa kwenye magari ya watu wa kanisa, nami nikabeba viti. Nilisikia baadaye kwamba wali ulifika baada ya keki, na kwamba upande wa bwana harusi walisema mengi. Pikapu ilienda karakana ikiwa tupu, mwendo wa mtu anayetembea, taa zikiwakawaka, na mimi nikitembea kando yake na ndoo.

Jumatatu Chacha na mimi tuliishusha springi. Alilibana lile jani kwenye jiliwa, akanipa nyundo kubwa. Pigo moja tu, likakatika. Mahali pa mvunjiko palikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa nyeusi, ya zamani, na ukanda mwembamba uliong'aa kama sarafu mpya. Chacha alipitisha kidole kwenye ule ukanda.

"Hiki ndicho kilichokuwa kimebaki," akasema.

Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akapitisha kidole chake pia. Kisha akaomba apewe kile kipande kifupi, chenye jicho, yaani tundu la kupitishia bolti.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama tena. Niliona ana kitu ndani ya mfuko, nikatamani sakafu ifunguke. Akakitoa kile chuma, akakiinua juu.

"Wandugu, nilishuhudia mbele ya saa kufika. Gari haikupona. Huyu fundi alikosea." Kanisa zima likageuka kunitazama. "Halafu akakuja mwenyewe na ndoo, akanifungia njia ku mulango wangu, akaniambia, nimekosea. Mie niko na batoto bane. Leo nahesabu, bote bane." Akaketi. Mtu wa nyuma akaita, "Amina kwa ndoo!" na watu wakacheka, mimi pia, machozi yakinitoka.

Kuanzia hapo Wakongo, Wakenya na Watanzania wa mji huu walianza kuulizia yule fundi anayekupigia simu mwenyewe. Chacha naye, safari yake iliyofuata, aliniachia funguo, na alipopumzika kazi hakuzichukua tena. Kwa miaka yote hiyo nilipiga simu za namna ile mara kadhaa. Haikuwa rahisi hata mara moja, na hakuna nilipoacha kupiga. Hilo, kuliko sauti yoyote niliyowahi kuipata, ndilo ninalojivunia.

Siku yangu ya mwisho kazini, mliona mzee aliyeletwa na binti mrefu kwa pikapu ya bluu, akaniletea kitu kilichofungwa kwa kitenge. Hamza alidhani ni keki. Alikuwa Baba Neema, na binti ni Neema, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Ndani ya kitenge kulikuwa na kile kipande chenye jicho. Kilikuwa kimekaa sebuleni kwao miaka yote, na Mama Neema alituma salamu kwamba amechoka kukifuta vumbi. Sasa kiko dirishani kwangu, jikoni, hapa ninapoandikia.

Nusu yake nyingine ni hicho chuma kirefu mnachozuilia mlango. Hamza, ulipotaka kukitupa kwenye vyuma chakavu nilikufokea, nawe ukashangaa kwamba nina sauti. Nilipaka vanishi kwenye ncha iliyovunjika ili zile rangi mbili zisipotee. Nendeni mkapitishe kidole.

Halafu mkirudishe mlangoni, na msikipake mafuta.